Kutazama wanyama Oktoba: kipi kinapoza, kipi kinamaliza kwacha

Oktoba 15 ni Siku ya Mama hapa Malawi. Ni sikukuu ya kitaifa, shule na ofisi zinafungwa, na watoto wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kama watoto wengine wote, wanauliza tunakwenda wapi. Wengi wameshasikia habari za Kituo cha Wanyamapori cha Lilongwe, kile cha barabara ya Kenyatta, kati ya Mji wa Zamani na City Centre, ambako wanyama waliookolewa mikononi mwa wauzaji, kwenye mitego na katika mateso ya kufungiwa hupewa matibabu na makao. Shida ni kwamba sikukuu hii inaangukia kwenye mwezi wenye joto kali kuliko yote. Mvua haijafika, majani yamekauka, vumbi limetanda, na adhuhuri ya Lilongwe hufika nyuzi 30 na kuzidi.

Mzazi mwenye watoto wanne anajikuta na maswali ya pesa mapema kabla hajamwona hata nyani mmoja. Anunue maji baridi njiani au abebe ya nyumbani? Anunue kofia, mwavuli, au kile kifeni kidogo cha betri kinachouzwa Lilongwe? Aende asubuhi au mchana? Aende ziwani badala ya mjini? Nimeyapima machaguo haya moja baada ya jingine kwa faida ya familia zenye kipato chetu, ambako kwacha moja ikitoka ni lazima ijulikane imekwenda wapi. Jibu langu, kwa kifupi, ni kwamba vitu viwili vyenye nguvu kuliko vyote haviuzwi: saa ya kufika na kiti cha kukaa ndani ya minibasi. Cha tatu ni mwavuli. Vingine vyote vinafuata kwa mbali.

Tuanze na saa, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoteza zaidi.

Lilongwe iko karibu nyuzi 14 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba jua hupita sawasawa juu ya vichwa vyetu, na ndiyo maana siku hizo kivuli chako kinajikunja chini ya miguu. Ukuta, ambao Julai ulikupa kivuli kizuri cha kuegemea, mwezi huu haukupi kitu saa za katikati ya siku. Kinachosaidia ni kitu kilicho juu yako: mti, paa, mwavuli. Tena jua letu halisubiri saa 6 mchana. Malawi inatumia saa moja na Zambia, Msumbiji na Lubumbashi, lakini sisi tuko upande wa mashariki wa ukanda huo, kwa hiyo mwishoni mwa Oktoba jua linafika utosini karibu saa 5 na nusu. Limechomoza muda mfupi baada ya saa 11 alfajiri. Anayesema atafika kituoni saa 4 ili awahi kabla ya jua kali atakuwa ameukuta mwanga karibu na kilele chake, na hewa yenyewe itaendelea kupanda joto hadi saa 8 au 9 alasiri.

Kwa hesabu hiyo, muda mzuri ni saa 1 na nusu hadi saa 4 asubuhi, kulingana na saa ambayo lango linafunguliwa. Alasiri baada ya saa 9 na nusu nayo inafaa, ila kwa mtu wa Dzaleka ina hatari yake: jua linazama kabla ya saa 12 jioni, na hakuna mzazi anayependa kushuka njia panda ya Dowa na watoto gizani, akitafuta kabaza, yaani baiskeli au pikipiki ya abiria.

Asubuhi ina faida nyingine inayogusa mfuko moja kwa moja. Kiingilio ni kilekile asubuhi na mchana, lakini unachokipata si kilekile. Nyani na tumbili huhangaika huku na huko wakati hewa ni baridi. Jua likipanda hutafuta matawi mazito na kutulia. Paa wadogo hujificha vichakani. Simba ndiye kabisa: anaweza kulala au kupumzika saa 20 kwa siku, na zile chache anazokuwa macho huzipangia alfajiri, jioni na usiku. Anayeingia saa 7 mchana amelipa pesa kamili kutazama vichaka. Wanyama hawa wamekwisha kutufundisha namna ya kuishi na joto bila kutumia hata kwacha moja: fanya mambo yako mapema, kisha tulia kivulini.

Sasa usafiri. Kutoka Dzaleka hadi Lilongwe ni takriban kilomita 45, na sehemu kubwa ya njia ni barabara kuu ya M1 inayopita Lumbadzi na Kanengo. Machaguo ya kawaida ni matola (pikapu za abiria), minibasi, au gari la kukodi kwa pamoja. Matola ni rahisi zaidi kwa bei na ina upepo, lakini huna paa juu. Mtoto aliyekaa nyuma ya pikapu kwa saa nzima anafika mjini akiwa tayari amechoka, midomo imekauka kwa upepo na vumbi, na hajaanza kutembea. Kwa safari ya kazi sina neno. Kwa safari ya watoto wadogo mwezi wa Oktoba, tofauti ya nauli kati ya matola na minibasi ni pesa nzuri kutumia, na ningepunguza soda kuliko kupunguza hapo.

Minibasi nayo ina mahali pake pa mateso, nako ni pale inaposubiri kujaa. Gari likisimama juani na milango imefungwa, ndani hugeuka tanuri kwa dakika chache, na mahali hapo unaweza kukaa muda mrefu kuliko utakaokaa mbele ya kizimba chochote. Usiingie mapema kuwahi kiti huku injini imezimwa na watu ni watatu. Subiri kivulini na familia yako, ingia wakati limekaribia kujaa. Ukisafiri na watu sita mna nguvu ya kuzungumza: ninyi ni abiria sita kwa mpigo, na kondakta yeyote anaelewa maana yake.

Na kiti. Dzaleka iko kaskazini mwa Lilongwe. Asubuhi mnaelekea kusini, jua liko mashariki, yaani kushoto kwenu. Alasiri mnarudi kaskazini, jua limehamia magharibi, nako ni kushoto tena. Kwa hiyo kaa kulia, upande wa dereva, kwenda na kurudi. Upande wa kushoto, wa mlangoni, ndio unaopigwa jua safari zote mbili. Barabara ina kona zake na mara chache jua litageuka, lakini kwa sehemu kubwa ya njia kanuni hii inashika. Haina gharama, na kwa mama mwenye mtoto mgongoni au mapajani ni msaada mkubwa kuliko kitu chochote cha kununua dukani.

Nakuja kwenye maji, na hapa ndipo pesa nyingi huvuja. Sitaki kuandika bei kama vile ni amri, maana kwacha yetu haitulii. Novemba 2023 pekee ilishushwa thamani kwa asilimia 44 kwa mkupuo mmoja, na tangu hapo bei ya jana si mwongozo wa kesho. Nitatumia namba za mfano ili hesabu ionekane, nawe utaweka za dukani kwako.

Tuseme chupa ya maji ya nusu lita ni kwacha 1,000 mjini. Familia ya watu sita, kila mmoja chupa mbili, ni chupa 12: kwacha 12,000 kwa lita sita. Sasa chukua lita sita hizohizo kutoka nyumbani. Chupa tatu za lita mbili, zilizooshwa vizuri, zimejazwa maji yaliyotiwa klorini au yaliyochemshwa. Mbili kati yake mpelekee jirani mwenye friza zikalale usiku kucha. Tuseme anatoza kwacha 500 kwa chupa. Umetumia kwacha 1,000. Tofauti ni kwacha 11,000, na kwa namba zozote utakazoweka, pengo litabaki kubwa. Ukigandisha, usijaze chupa mpaka shingoni, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka karibu sehemu moja ya kumi, na chupa itapasuka.

Umeme ukikatika usiku, mpango wa friza umekufa. Ndipo njia ya mababu inapookoa safari. Jaza chupa, ifunge kwa kitambaa cha pamba kilicholowa, itundike nje mahali penye upepo usiku. Maji yanayokauka kwenye kitambaa hubeba joto na kuondoka nalo, na ndiyo kazi ileile inayofanywa na mtungi wa udongo uliopo kwa jirani yako Mmalawi. Oktoba hewa yetu ni kavu, kwa hiyo njia hii inafanya kazi vizuri kuliko ambavyo ingefanya Uvira au Bujumbura kando ya ziwa, na vizuri zaidi kuliko Dar es Salaam, ambako hewa tayari imejaa unyevu na kitambaa hakikauki upesi. Hutapata barafu, lakini utapata maji yanayonyweka kwa raha. Njiani endelea kukilowesha kitambaa.

Kuna gharama ambayo hesabu ya kwacha haioneshi: lita sita ni kilo sita. Mama aliyebeba mtoto mgongoni, mfuko wa chakula na kilo sita za maji anatoa jasho kwa kazi ya kubeba kabla hata ya jua. Gawa mzigo. Kila mtoto anayeweza kutembea abebe chupa yake ya nusu lita, baba abebe zile kubwa. Na ukipiga simu kuulizia kituo, uliza pia kama kuna bomba la maji ya kunywa ndani. Likiwepo, mnabeba nusu tu.

Vile vibarafu vya rangi ndani ya vifuko vya plastiki watoto watavililia, na ni rahisi kwa bei. Navyo hupoza kinywa kwa dakika chache. Wasiwasi wangu ni maji yaliyotumika. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2022 na 2023 uliua zaidi ya watu 1,700 katika nchi hii, mkubwa kuliko yote iliyowahi kuandikwa Malawi, na kuganda hakuui vijidudu vyake kwa uhakika. Kama hujui kibarafu kimetengenezwa wapi, usimpe mtoto. Wagandishie nyumbani juisi ya malambe: ubuyu uliolowekwa katika maji salama, ukachujwa, ukatiwa sukari kidogo. Kwa bei ya vibarafu vichache vya barabarani utatengeneza jagi zima, na chakula kimo ndani yake.

Soda baridi? Inafurahisha, na siku ya sikukuu sitamnyima mtoto moja. Ila usiihesabu kama maji. Sukari yake nyingi haizimi kiu kwa muda mrefu, na kwa bei ya soda moja ungepata maji mara kadhaa. Thobwa, kile kinywaji cha nafaka, ni afadhali, hasa kama safari itapita saa ya chakula, kwa sababu inashibisha pia; tatizo lake ni kwamba juani huendelea kuchachuka, kwa hiyo inywewe asubuhi na isirudi nyumbani ikiwa imebaki. Kwa aliyetoka jasho jingi hadi kichwa kinauma, kuna kinywaji cha bei ndogo kuliko vyote: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pima kwa uangalifu, chumvi isizidi. Beba sukari na chumvi zimefungwa tayari kwenye karatasi, zikihitajika unachanganya hapohapo.

Vifaa vya kujikinga sasa. Nimeviweka kwa mpangilio wa thamani yake, na mwavuli uko juu kabisa.

Kwa jua la utosini hakuna kinachoshinda mwavuli. Unafunika kichwa, mabega na mtoto aliye mgongoni kwa pamoja, na unatembea na kivuli chako popote. Ukinunua, uinue juani na utazame kitambaa kwa ndani: mwanga ukipenya kwa wingi, kiache. Kitambaa kizito chenye kubana ndicho kinachozuia miale. Shika pia mbavu zake. Zile nyembamba sana hazitamaliza mvua za kwanza. Tuseme umelipa kwacha 10,000. Mwavuli huo utakusaidia kwenye foleni ya mgao, njiani kwenda kliniki, Oktoba yote kwa jua na kuanzia Novemba hadi Aprili kwa mvua. Ukiutumia mara 50 tu, kila matumizi ni kwacha 200. Hakuna kitu kingine katika orodha hii kinachokaribia hapo. Familia ya watu sita haihitaji sita. Miwili mikubwa inatosha, na watoto wakubwa wavae kofia.

Kofia yenye ukingo mpana inafuata. Kapelo yenye kidomo cha mbele, ile inayopendwa na vijana, inakinga macho na paji la uso, lakini inaacha masikio na shingo wazi. Kitambaa cha kitenge kilicholowa na kufungwa shingoni kinafidia upungufu huo, na hakuna nyumba Dzaleka isiyokuwa na kipande cha kitenge. Katika bustani kubwa za wanyama Ulaya na Marekani huweka mitambo inayonyunyiza ukungu wa maji juu ya wageni wakati wa kiangazi. Kitambaa chako kilicholowa kinatumia siri ileile.

Kuhusu nguo, nenda soko la kaunjika, yaani mitumba, ukiwa na chupa ndogo ya maji. Dondoshea tone moja mahali pasipoonekana. Tone likinywewa na kitambaa, hiyo ni pamba au ina pamba ya kutosha. Likibaki juu kama shanga, ni nyuzi za plastiki, nayo itakugandia mwilini. Kipimo hiki kinafaa hata kwa vitenge vipya, maana siku hizi vipo vya kuiga ambavyo kwa macho ni maridadi na mwilini ni mateso. Shati la pamba la mikono mirefu, pana, la rangi nyepesi, linapoza kuliko fulana fupi ya kubana, kwa sababu linafunika ngozi na bado hewa inapita. Kwa mtu mwenye ualbino, shati hilo, kofia pana, mwavuli na krimu ya kukinga jua ni mahitaji ya afya, na katika bajeti ya familia hayo yatangulie kabla ya soda ya mtu mwingine yeyote.

Kifeni cha betri ninakiweka mwisho. Upepo wake unasaidia kweli ngozi ikiwa na jasho au maji, lakini betri zinakwisha, kikidondoshwa kinavunjika, na watoto watakigombania. Upepo uleule unapatikana kwa upepeo wa ukili au kipande cha boksi kilichokatwa vizuri. Kama tayari unacho, kibebe. Kama huna, weka pesa hiyo kwenye mwavuli.

Mtoto mchanga anahitaji maneno yake. Mazoea yetu ni kumfunga mgongoni kisha kumfunika na shali juu ili jua lisimpate. Oktoba mtoto huyo amebanwa kati ya mgongo wenye jasho na kitambaa kizito, hewa haipiti, na mama hamwoni uso. Mwondolee lile shali la juu, mbebe kwa kitenge kimoja chepesi, mkinge kwa mwavuli, na umtoe mgongoni kila mnapokaa kivulini. Mnyonyeshe mara nyingi kuliko siku ya kawaida. Mtoto akiwa mlegevu, akakataa kunyonya au ngozi ikawa moto kavu, au mtu mzima akaanza kuchanganyikiwa na kusema ovyo, hapo matembezi yamekwisha: mlaze kivulini, mmwagie maji mwilini, mpepee, na mkimbilie hospitali. Ukiwa mjini, Hospitali Kuu ya Kamuzu haiko mbali na kituo.

Kuhusu mahali penyewe pa kwenda, kuna machaguo matatu ya kulinganisha.

Kituo cha Wanyamapori cha Lilongwe, kilichofunguliwa mwaka 2007, kiko ndani ya eneo la msitu kando ya mto Lingadzi, na kwa suala la joto hicho ndicho kivutio chake kikubwa: miti. Njia nyingi zina kivuli. Kazi ya kwanza ya kituo ni kutibu na kulea wanyama, na inapowezekana kuwarudisha porini, kwa hiyo maonyesho yanafuata baada ya hayo. Piga simu siku kadhaa kabla, uulize kama wageni wanapokelewa siku hiyo, saa ngapi, na kwa utaratibu gani. Uliza pia swali ambalo watu wetu wengi wanasahau: mwenye kitambulisho cha mkimbizi analipa kiwango gani? Hifadhi nyingi za Malawi zina bei ya raia, ya mkazi na ya mgeni kutoka nje, na pengo kati yake ni kubwa. Pata jibu hilo, na jina la aliyekupa, kabla ya kulipa nauli ya watu sita.

Bustani ya Mimea, karibu na City Centre, haina simba. Ina miti, nyasi na utulivu, na mara nyingi ndege wengi. Kwa familia yenye mtoto mchanga au bibi asiyeweza kutembea sana, ningeichagua mbele ya kituo, hasa kama mmechelewa na saa zimekwenda. Unatandika kitenge, mnakula, mnapumzika.

La tatu ni Salima, kilomita kama 100 kutoka Lilongwe, ambako kuna Hifadhi ya Kuti yenye twiga na pundamilia, na mbele yake Senga Bay na ziwa. Watu wengi wanaamini kwamba kwenda ziwani ni kwenda kwenye ubaridi. Ukweli wa milima na mabonde unasema vingine. Lilongwe iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Malawi liko kwenye mita 474. Kwa kila mita 1,000 unazoshuka, hewa hupanda joto kwa nyuzi kama sita. Kwa hiyo unalipa nauli kubwa zaidi, unakaa garini muda mrefu zaidi, na unashukia kwenye hewa yenye joto kuliko uliyoiacha. Maji ya ziwa yanapoza, naam, lakini sehemu nyingine zina kichocho na mamba, na huwezi kuwaingiza watoto popote tu. Kuti ni mahali pazuri sana pa kwenda Juni au Julai. Oktoba kwa mtu wa Dzaleka ni matumizi mabaya ya pesa.

Nimetaja Juni. Mwenye uhuru wa kuchagua mwezi achague huo au Julai. Julai 6, siku ya uhuru, ni sikukuu pia, na siku hizo tatizo ni sweta, si maji. Anayetaka watoto waone wanyama bila kulazimika kupambana na jua aanze kuweka akiba Januari kwa safari ya Julai. Nasema hivyo nikijua wengi wetu hatuna uhuru huo: pesa zinapopatikana ndipo safari inapokuwepo.

Halafu kuna kibali cha kutoka kambini. Malawi inafuata utaratibu wa wakimbizi kuishi kambini, na tangu serikali ilipoamuru mwaka 2023 waliokuwa mijini warudi Dzaleka, hakuna sababu ya kuhatarisha siku ya furaha ya watoto kwa kusafiri bila karatasi. Shughulikia kibali siku kadhaa kabla, na uulize ofisini kama karatasi moja inaweza kubeba majina ya familia yote. Foleni hiyo pia ni sehemu ya gharama za safari, na mara nyingi iko juani: nenda na mwavuli na chupa ya maji siku hiyo pia. Usithubutu kupanga kukipata asubuhi ya safari, kwa kuwa saa mbili za foleni zitakula asubuhi yote yenye ubaridi, na mtafika Lilongwe saa 5 na nusu, jua likiwa utosini.

Kwa anayetaka nimpangie, ningepanga hivi. Kibali na simu kwa kituo wiki moja kabla. Jioni ya kuamkia safari, chupa kwa jirani mwenye friza, na moja ya akiba imefungwa kitambaa kilicholowa. Kila mtu anywe kikombe kikubwa cha maji kabla ya kutoka nyumbani. Kuondoka saa 11 na nusu alfajiri, minibasi, upande wa kulia. Wanyama hadi saa 4 kasoro, kisha chakula chini ya mti mkubwa, watoto walale kidogo ikiwezekana. Kurudi ni jambo la kuamua kwa hali ya watoto: ama mnaondoka mara moja kabla gari hazijawa tanuri, ama mnabaki kivulini mpaka saa 9 alasiri. Kuondoka saa 7 au 8 mchana ndilo chaguo baya kuliko yote, nalo ndilo linalochaguliwa na wengi.

Mwenye pesa ya kitu kimoja tu anunue mwavuli mzuri. Asiye na pesa hata ya huo aazime kwa jirani, afunge kitambaa kilicholowa shingoni, na awahi gari la kwanza.